Kiuno kinauma mwezi wa sita, we unameza diklo tu?

Kama umeamka leo huna maumivu popote, kwanza mshukuru Mungu. Pili usifunue ukurasa haraka, maana nina uhakika nyumbani kwenu, kazini au kijiweni yupo mtu ambaye kila asubuhi anaamka kwa kushika ukuta. Leo tunaongea habari zake.

Sizungumzii maumivu ya kuchezewa rafu uwanjani, ambayo wiki mbili yamekwisha na unawasimulia watu huku unacheka. Nazungumzia yale yasiyotaka kuondoka. Wataalamu wanasema maumivu yakizidi miezi mitatu yanaitwa sugu. Hayo si mgeni tena, ni mpangaji, tena mpangaji asiyelipa kodi. Tangu mwaka 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) imeyapa fungu lake yenyewe.

Na usidhani ni mambo ya wazee. WHO wanasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo, sawa na mtu mmoja katika kila 13. Panda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi, ile mmebanana mpaka mlangoni, halafu piga hesabu mwenyewe humo ndani mko wangapi.

Lakini nani atasema? Kijana wa kiume akitamka kijiweni kwamba kiuno kinamuuma, amekwisha. "Mwana, umeoa juzi tu ushachoka?" "Kunywa supu ya pweza!" Watu wanacheka mpaka machozi, na mwenyewe anajifanya anacheka. Kesho yake hasemi tena. Anakwenda kimyakimya kwenye dirisha la duka la dawa, na hapo ndo safari inapoanzia.

Dirishani mazungumzo hayachukui dakika moja.

"Dada, nipe diklo."

"Za ngapi?"

"Za jero."

Basi. Hakuna aliyeuliza maumivu yameanza lini, wala kama umekula, wala kama una vidonda vya tumbo au presha. Siwalaumu akina dada wa dirishani. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza Ruvuma mwaka 2003 ili watu walio mbali na famasi wapate dawa za lazima kutoka kwa mtu aliyepewa mafunzo, na umesaidia wengi. Lakini duka ni duka. Haliwezi kukupima mgongo kupitia nondo za dirisha.

Kaka yangu ni dereva wa bodaboda, ana miaka 29. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkataba, unapeleka hesabu kwa bosi kila siku, mwisho wa mkataba inakuwa yako. Siku ukilala, hesabu hailali. Kiuno kilipoanza kumsumbua akawa anameza diklo moja asubuhi na chai ya rangi, anawasha chombo, anaondoka. Baadaye zikawa mbili. Jioni anaongeza nyingine ya jina tofauti, akidhani ni dawa tofauti. Ilikwenda hivyo miezi minane, na ukimuuliza anakwambia, "Mdogo wangu, si unaona natembea?"

Mwezi wa tisa akaanza kupata choo cheusi kama lami. Hakusema. Akaanza kuona kizunguzungu, akasema ni jua. Siku aliyoanguka mlangoni mwa choo ndo tukamkimbiza hospitali. Vidonda vya tumbo vilikuwa vinavuja damu. Aliongezewa chupa mbili, na sisi ndugu tukapanga foleni kuchangia. Pikipiki ikarudi kwa bosi zikiwa zimebaki wiki sita mkataba uishe.

Sasa msomaji, elewa jambo hili maana linaua watu kimyakimya. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni ndugu wa familia moja. Zinazuia kemikali fulani mwilini inayoleta uvimbe na maumivu. Lakini kemikali hiyohiyo ndiyo inayosaidia kulinda ukuta wa tumbo na kupitisha damu vizuri kwenye figo. Ukiifungia mlango kila siku kwa miezi, maumivu yanapungua ndiyo, huku tumbo na figo vikibaki bila mlinzi. Ukichanganya ndugu wawili wa familia hiyo, nafuu haiongezeki mara mbili, inayoongezeka ni hatari. Hata panadol, ambayo si ya familia hiyo, ina mpaka wake: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, vinginevyo ini ndilo litakalolipa.

Dirisha likishindwa, tunahamia stendi. Pale yupo jamaa mwenye kipaza sauti na unga kwenye makopo, unatibu mgongo, magoti, ganzi, nguvu za kiume na kufukuza bahati mbaya. Sidharau tiba asili. Nchi hii ina sheria yake ya mwaka 2002 na baraza lake linalosajili waganga, na bibi zetu walijua mambo. Ninachosema ni kwamba kama unga hauna jina la mtengenezaji wala namba ya usajili, hujui unameza nini. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu kuhusu vidonge vya viungo vinavyoitwa Artri King, vilivyouzwa kama vya asili. Maabara ilikuta ndani yake mna diklofenaki na deksamethasoni, na kwenye chupa havikuandikwa. Kwa hiyo mtu anakimbia dawa za hospitali na kwenda kumeza zilezile, bila kipimo wala tahadhari.

Tena tusijifanye tumesahau. Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa barabarani kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilometa na kilometa, watu wanalala njiani. Wengi tunacheka leo, lakini mimi sicheki. Mtu hasafiri na mgonjwa siku tatu porini kwa sababu ni mjinga. Anasafiri kwa sababu huko alikotoka amezunguka, amechoka, na hakuna aliyemkalisha chini akamsikiliza.

Haya, tuje hospitali. Umeamka saa kumi alfajiri, umeshika namba, saa tano ndo unaingia kwa daktari. Nje kuna watu sitini na daktari ni mmoja. Unasema, "Dokta, mwili mzima unaniuma." Anaandika diklo. Umetoka. Yaani umepanga foleni saa saba kwenda kuandikiwa kitu ulichokuwa unanunua kwa jero.

Daktari tutamlaumu bure, maana na sisi tunaingia hatujajipanga. Kabla hujaingia kwenye chumba kile, andika kwenye daftari au kwenye simu mambo haya: Yalianza lini? Yanauma wapi hasa, na yanashuka mpaka wapi? Yakoje, yanachoma, yanapwita, au ni kama shoti ya umeme? Nini kinayazidisha na nini kinayatuliza? Umeshatumia dawa gani, ngapi kwa siku, kwa muda gani? Hilo la mwisho usifiche hata kama ni unga wa stendi. Na mwisho sema kitu ambacho maumivu yamekunyima. "Dokta, siwezi kukaa kwenye pikipiki zaidi ya nusu saa." Sentensi hiyo moja inamwambia mengi kuliko "mwili mzima".

Halafu kuna ugonjwa wetu mwingine wa mjini, ugonjwa wa picha. Mtu anaona hajatibiwa mpaka apigwe MRI. Sikia hii. Mwaka 2015 watafiti walikusanya majibu ya picha za mgongo za watu 3,110 ambao hawaumwi kabisa. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 tayari pingili zao zilionyesha kuchakaa, na kwa wa miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Hawaumwi! Kwa hiyo usiuze shamba la urithi ukapige picha, halafu ukapewa jina la kutisha ukaacha hata kuinama. Picha ina siku yake, na daktari akiona dalili mbaya atakuambia.

Dalili zenyewe hizi hapa, na ukiwa nazo usisubiri Jumatatu: mguu kuishiwa nguvu, kushindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi sehemu unayokalia, au maumivu baada ya ajali. Na kama mgongo unauma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, nenda ukapimwe mapema, maana kifua kikuu hakikai kifuani tu, kinaingia hata kwenye mifupa ya uti wa mgongo.

Kama hizo huna, tatizo linaweza kuwa kwenye kengele. Umewahi kuona gari ambalo alamu yake inalia usiku kucha kwa sababu paka kapita juu ya boneti? Hakuna mwizi, lakini mtaa mzima haulali. Mishipa ya fahamu nayo inaweza kuwa hivyo. Jeraha limepona, kengele imebaki kali kuliko inavyotakiwa. Maumivu ni ya kweli kabisa, mtu asikwambie unaigiza. Ila dawa yake si kuongeza diklo, ni kuituliza kengele.

Ndiyo maana daktari anaweza kukuandikia amitriptilini kwa dozi ndogo. Wengi wakisikia hiyo ni dawa ya sonona wanaitupa, "mimi si mwendawazimu bwana!" Kweli ilianza kama dawa ya sonona miaka ya 1960, lakini kwa dozi ndogo inasaidia maumivu ya mishipa ya fahamu. Uliza kabla ya kutupa. Kuuliza "Dokta, hii inafanya kazi gani?" si utovu wa adabu.

Na uliza habari ya fizio. Mwaka 2023 WHO walitoa mwongozo wa maumivu sugu ya chini ya mgongo. Waliyoyaunga mkono ni pamoja na mazoezi na kumwelimisha mgonjwa ajue mwili wake. Waliyoyakataa ni pamoja na ile mikanda ya mgongo inayouzwa Kariakoo, na dawa kali za jamii ya mofini kwa tatizo hili. Kaka yangu sasa anafanya mazoezi aliyofundishwa na mtu wa fizio, asubuhi na jioni, sakafuni kwenye mkeka. Anaendesha pikipiki ya mtu nusu siku. Hajapona kabisa, siwezi kukudanganya. Lakini anainama kufunga kamba za viatu mwenyewe, na diklo ameachana nazo.

Dada zangu, sijawasahau. Tumbo la hedhi linalokulaza chini kila mwezi, likakukosesha shule na kazi, si "chango" tu, wala si la kusubiri "ukizaa litaisha". WHO wanakadiria mwanamke mmoja kati ya kumi walio kwenye umri wa kuzaa ana tatizo linaloitwa endometriosisi. Nenda kwa daktari wa wanawake, na ukijibiwa "ni kawaida", muulize kawaida gani hiyo inayomlaza mtu siku tatu.

Na wewe usiyeumwa, shemeji, rafiki, mke au mume, kazi yako ni ndogo. Acha kumwambia "si ulisema jana umepona?" Maumivu haya yana siku zake. Msindikize hospitali, masikio ya watu wawili yanashika mengi kuliko ya mmoja. Mshikie daftari. Na kule kijiweni, mwenzako akisema kiuno kinamuuma, kabla ya ile ya supu ya pweza, muulize kwanza tangu lini. Akikujibu miezi mitatu imepita, mwambie kesho asubuhi mnakwenda wote.

Kwa leo naomba niishie hapo. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.