Ligi Ipitayo Dirishani: Kitui, Makueni na Msimu Ujao wa Kikapu

Atakaye kutabiri bingwa wa Ligi Kuu ya mpira wa kikapu ya Kenya katika msimu ujao hana haja ya kupiga ramli wala kumwendea mnajimu, kwani mchezo huu una tabia moja inayomrahisishia kazi mtabiri na kumsikitisha mpenzi wa maajabu: tofauti na kandanda, ambamo bao moja la bahati nasibu laweza kumvua tajiri taji lake, katika kikapu mpira hutupwa mara nyingi mno ndani ya dakika arubaini, hata bahati ikachoka njiani na uwezo ukasalia peke yake uwanjani. Mwenye wachezaji kumi hodari humshinda mwenye watano, na mwenye kuwalipa kumi hao kila mwezi humshinda anayewaahidi tu. Kwa hiyo nitatoa utabiri wangu mapema, nisije nikamngojesha msomaji wa Kitui na Makueni jambo ambalo, kwa rai yangu, si kiini cha mas'ala yanayomhusu.

Kwa upande wa wanaume, naitabiria taji Nairobi City Thunder. Timu hii ilikuwa ya kawaida hata mwaka 2023, wawekezaji wa Twende Sports walipoishika na kuanza kuiendesha kama biashara. Na haukupita muda ila ilitwaa ubingwa wa nchi, na mwishoni mwa 2024 ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kufuzu kuingia BAL, ligi ya Afrika iliyoanza mwaka 2021 kwa ubia wa NBA na shirikisho la dunia, FIBA. Kwamba Mei 2025, huko Kigali, haikuvuka hatua ya makundi, si aibu wala si ajabu, kwani Wanyarwanda walikuwa na timu katika ligi hiyo tangu siku yake ya kwanza, na City Oilers ya Kampala nayo ilikwisha kuingia mwaka 2023. Kenya ilifika karamuni wakati wenzake wanakaribia kunawa. Lakini nyumbani ni habari nyingine. KPA ya Mombasa ndiyo ninayoiona ikiwasumbua Thunder zaidi, na Equity Bank Dumas, Strathmore Blades na Ulinzi Warriors kila mmoja aweza kuwapokonya mchezo mmoja katika mfululizo wa mwisho, walakini mfululizo mzima sidhani.

Kwa wanawake mizani haijalala upande mmoja kiasi hicho. KPA na Equity Bank Hawks wamezoea kutazamana, nami naelekea kidogo upande wa bandari, huku nikimtaka msomaji awaangalie Zetech Sparks. Si kwa kuwa watashinda, bali kwa kuwa katika chuo chao cha Zetech ndimo alimopita Madina Okot kabla ya kuvuka bahari kwenda kuchezea Mississippi State na baadaye South Carolina, na panapotoka mmoja wa aina hiyo aghalabu pana mwalimu anayejua kutazama.

Basi tabiri zangu za ubingwa zimekwisha, na sasa twaweza kuzungumza.

Katika majina yote niliyoyataja hakuna hata moja lenye makao yake Kitui wala Makueni. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,136,187 katika Kitui na 987,653 katika Makueni, ambao jumla yao ni zaidi ya milioni mbili na laki moja, na nchi wanayoikalia inaanzia misitu ya Mwingi mpaka mpakani mwa Tsavo. Na umati wote huo, msimu ukija, huusikia kwa mbali. Kinaya cha mambo ni kwamba ligi yenyewe hupita mlangoni mwao. Timu ya Mombasa ikipanda kwenda Nairobi, au ya Nairobi ikishuka kwenda Mombasa, ikiwa kwa basi itapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, na ikiwa kwa garimoshi la reli mpya itayapita mashamba yale yale kwa kasi zaidi; mtoto wa Kibwezi aweza kumwona mchezaji bora wa taifa dirishani asipate kumwona akidunda mpira maisha yake yote.

Hapo ndipo huzuka hoja ambayo nimeisikia kwa wengi, na ambayo inastahiki kupimwa kwa insafu: kwamba serikali za kaunti ziunde timu zao, zizivike rangi zao, ziziandikishe katika ligi ya daraja la kwanza, na kuzipandisha. Wenye hoja hiyo hawakukosa sanad. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti michezo na viwanja vyake, na jicho la kijana hujifunza kwa kuona kabla mkono haujajifunza kwa kutenda. Fauka ya hayo, wanauliza, je, nchi hii haikutoa mashujaa? Benson Masya, mwana wa Kitui, aliacha ndondi akashika mbio, na mwaka 1992 akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni. Ni kweli, nami sina la kumpunguzia Masya; lakini Masya alihitaji barabara, na barabara ilikuwapo. Mcheza kikapu ahitaji sakafu ngumu yenye urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, ubao usiotikisika, na kikapu kilichotundikwa mita 3.05 kutoka chini, na vitu hivyo havioti kando ya njia.

Tazama, kisha, jinsi timu zetu zinavyoishi. Ukiiondoa Thunder, ambayo ni jaribio jipya la mtaji wa watu binafsi, karibu kila timu yenye umri katika kikapu cha Kenya imejificha chini ya mbawa za taasisi iliyopo kwa sababu nyingine kabisa: bandari, benki, jeshi, chuo kikuu. Bandari haitafungwa kwa kuwa timu yake imeshindwa, wala chuo hakiachi kupokea wanafunzi. Na ndani ya uthabiti huo mchezaji hupata ajira au karo, ukumbi wa kufanyia mazoezi, na basi la kumfikisha ugenini. Kaunti ni taasisi pia, tena kubwa, lakini uongozi wake hupigiwa kura kila baada ya miaka mitano, na mgao wake kutoka hazina ya taifa una tabia ya kuchelewa miezi. Timu iliyoundwa na gavana mmoja huonekana kwa gavana amfuataye kama nguo ya mke wa kwanza: hata ikiwa nzuri, haivaliwi.

Na kuchelewa kwa fedha katika mchezo huu kuna adhabu yake mahususi. Kwa kanuni za FIBA, mshindi hupata pointi mbili na aliyeshindwa hupata moja, ila asiyefika uwanjani huandikiwa kushindwa kwa 20 kwa 0 na hapewi kitu. Yaani timu dhaifu iliyopata nauli huvuna kila wiki, na timu hodari iliyokosa nauli huporomoka; na habari za timu kukosa nauli si ngeni katika ligi zetu. Timu ya kaunti, nahofu, ingekuwa hodari wa kutangazwa mwezi wa Machi na kukosa basi mwezi wa Agosti.

Wapo pia wanaopinga kikapu chochote, wakisema kwamba katika nchi ya ukame, ambako mvua ya vuli ikikosa watu hutembea na mitungi, ni dhihaka kuzungumzia mbao na nyavu. Nawaheshimu kuliko ninavyokubaliana nao. Maji kwanza, hapana shaka. Lakini sakafu moja ya zege haimnyimi mtu maji, na mchanga wa zege hilo tunao. Mchanga wa mito ya Ukambani umebebwa kwa malori miaka na miaka kwenda kujenga Nairobi, hata Makueni ikalazimika mwaka 2015 kutunga sheria ya kuuhifadhi. Na haingekuwa dhuluma kwa mtu yeyote ikiwa malori machache yangebaki nyumbani.

Sasa, sakafu hizo zikae wapi? Jibu la haraka ni shuleni, nalo ni sahihi nusu. Katika mashindano ya shule za sekondari, kikapu cha watano watano huchezwa muhula wa kwanza: shule zikifunguliwa Januari, mashindano ya kaunti ndogo huwa yamebisha hodi kabla kidato hakijatulia, kisha kaunti, kisha kanda, kisha taifa, na yote yamekwisha kufikia Aprili. Katika wasaa mfinyu kama huo hakuna anayefundishwa kitu. Kila shule huja na alichokwisha kujifunza mchezaji mwaka uliopita. Ndiyo maana majina yanajirudia. Laiser Hill ya Kajiado haishangazi, kwa kuwa ina vitu vyake. Ila Kaya Tiwi, shule ya wasichana ya Kwale, katika kaunti ambayo haina utajiri wa kuihusudu, imewahi kusimama kileleni mwa taifa, naamini kwa sababu mazoezi yake hayangoji muhula. Kitui na Makueni, zilizomo katika kanda ya Mashariki pamoja na Machakos, Embu, Meru na jirani zao, zina shule nyingi zenye majina makubwa katika mitihani, na ukipita nyingi katika hizo utakuta nguzo mbili za chuma zimesimama kwenye vumbi jekundu. Athari ya vumbi ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mpira uliodundwa juu ya udongo laini haurudi mkononi kwa kimo kinachojulikana, kwa hiyo mtoto hujifunza kutoudunda. Huudaka na kuutoa upesi kwa mwenziwe, na akifika siku moja juu ya sakafu ya mbao, mlinzi wa Nairobi humsogelea, akamnyima wa kumpa, na mchezo wake ukaishia hapo. Watu husema amekosa kipaji. Alichokosa ni mifuko kadhaa ya saruji.

Lakini nimesema jibu la shuleni ni sahihi nusu, kwa kuwa Katiba ile ile iliyoipa kaunti michezo iliiachia serikali ya taifa shule za sekondari. Gavana akitaka kumwaga zege ndani ya ua wa shule, mkaguzi wa hesabu atamuuliza kwa mamlaka gani. Mwenye njia nyepesi hapo ni mbunge na mfuko wake wa eneo bunge, na maeneo bunge ni manane Kitui na sita Makueni. Mahali pa kaunti ni viwanja vya umma mijini: Wote, Kibwezi, Mwingi, Mutomo, na Kitui mjini, ambako uwanja wa Ithookwe, uliokarabatiwa ili taifa liadhimishe hapo Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2025, umetuonyesha kwamba wageni wakubwa wakiwa njiani zege hukauka upesi sana. Penye sakafu ya umma iliyo karibu na shule, shule nayo hufaidi, na sheria haikuvunjwa.

Tena si lazima kuanza na uwanja kamili. Kikapu cha watatu watatu, kilichoingia Olimpiki katika michezo ya Tokyo na ambacho shule zetu hukicheza muhula wa pili, chahitaji nusu ya uwanja, kikapu kimoja, wachezaji wanne kwa kila timu, na dakika kumi au pointi 21, lolote litanguliapo. Matatu moja yaweza kubeba timu tatu. Kwa bajeti za Mwingi na Kibwezi sijui mlango ulio mpana kuliko huo, na nashangaa kwamba wanaozungumzia timu za kaunti hawautaji.

Ama timu ya ligi yenyewe, ikiwa itazaliwa huku, naitafuta Kwa Vonza. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoko huko, kilipewa hati yake mwaka 2013, kina vijana wa umri ule ule unaotakiwa, kina ardhi, na kina kitu ambacho kaunti haina: njia ya kumlipa mchezaji kwa karo na malazi bila kupeleka hoja bungeni. Timu za vyuo vya Strathmore, Zetech na USIU zina mtaji wa aina hiyo. Kaunti mbili zikilipia karo za wanafunzi kumi wanaojua mchezo, watano wa kiume na watano wa kike, kwa sharti la kuwafundisha watoto wa shule jioni, zitakuwa zimetumia sehemu ndogo ya gharama ya timu na kununua kitu kisichoondoka na uchaguzi.

Kuna jambo jingine ambalo shirikisho la kikapu la Kenya, KBF, lingeweza kulifanya msimu huu huu, pasipo kungoja saruji ya mtu. KPA na timu za Nairobi hukutana kila mwaka. Mtito Andei, kama wajuavyo madereva, ndipo katikati ya safari. Mchezo mmoja ukichezwa Makueni, mgeni ataokoa nusu ya nauli, mwenyeji ataibeba nusu hiyo, na watoto wa Kibwezi watapata kuona kwa macho yao kwamba wale wa dirishani wana miguu.

Utabiri wangu wa mwisho, basi, kwa kaunti hizi mbili. Msimu ujao hakutakuwa na timu ya huku katika Ligi Kuu, wala katika unaoufuata. Kutakuwa na mchezaji mmoja au wawili waliozaliwa huku wakivaa jezi ya benki au ya bandari, na wengi hawatajua walikotoka kwa kuwa walichukuliwa na shule za mbali mapema. Mtaala mpya, ambao tangu Januari 2026 umewaingiza wanafunzi wa Gredi ya 10 katika mikondo mitatu, mmoja wao ukiwa Sanaa na Sayansi ya Michezo, utauzidisha mwendo huo: shule chache zenye viwanja zitawavuta wenye vipaji, na zisizo navyo zitabaki na nguzo zao. Kwa hiyo, kuliko msimamo wa ligi, mimi nitaitazama orodha ya shule za Kitui na Makueni zitakazoruhusiwa kufundisha mkondo huo. Zikiwa nyingi, na wasichana wa huku wakivuka hatua ya kanda hata mara moja katika misimu mitatu, nitakuwa tayari kuandika upya aya hii yote. Zikiwa mbili au tatu tu, nauli ya kwenda Kajiado itaendelea kuwa ndiyo bajeti yetu ya kikapu, ikilipwa na wazazi.