Amana ya Msafara na Malezi ya Vijana Wetu

Wako wazazi na walimu wa shule za Kiislamu wanaodai kwamba michezo, ufugaji na biashara ndogo za wanafunzi huiba saa ambazo zingetumiwa kuhifadhi Qur'ani na kujitayarisha kwa mitihani. Dai hilo si la kupuuzwa, kwani karo hupatikana kwa jasho. Lakini niitazamapo Tabora naona kwamba uaminifu haumkai mtu moyoni kwa kuhutubiwa, bali kwa kukabidhiwa mali ya mwenziwe na kuirejesha kamili.

Katika karne ya 19 Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, ilikuwa kituo kikuu cha njia itokayo Bagamoyo hadi Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walichukua mabegani vitambaa vya merikani, shanga na pembe zisizo zao. Mwaka 1873 Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa mpelelezi David Livingstone, walipofika hapa na maiti ya bwana wao, walishauriwa na msafiri Mwingereza Cameron waizike. Wakakataa, na mwaka uliofuata wakaifikisha pwani. Lakini njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na hesabu ya bidhaa ilitimia ilhali haki ya binadamu imepotea. Kwa hiyo amana isiyofungamana na uadilifu ni nusu ya amana.

Mtume Muhammad (S.A.W.) aliitwa Al-Amin kabla ya kushukiwa na wahyi, na mali ya Bi Khadija aliifikisha Sham kwa msafara. Basi katika nchi hii ya miombo na asali, shule na ziwakabidhi vijana amana ya namna hiyo: mizinga ya nyuki. Mwenye kutia maji ya sukari katika asali hatambuliwi upesi na mnunuzi, hivyo anayelina, anayepima na anayeandika daftari hubaki na Mola wake tu. Mtume alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta umajimaji uliofichwa chini, alimkemea muuzaji. Kijana aliyekwisha kujaza chupa za asali kwa mkono wake ataielewa hadithi hiyo kuliko aliyeikariri tu.

Shuruti ni mbili. Mwaminifu asituzwe hadharani kila mara, uaminifu usije ukageuka riyaa; na daftari la mwalimu lifunuliwe mbele ya wanafunzi kama lao linavyofunuliwa mbele yake, kwa sababu mpagazi hujifunza mwendo kwa kumtazama kirangozi, kiongozi wa msafara, aliye mbele yake.