Kabla ya koleo, tazama matundu
Na Mwanaidi Shekue

Tukitaja kumhifadhi ndege, fikra zetu hukimbilia mti. Mdiria mweusi na mweupe wa Ziwa Victoria, yule anayepiga mbawa papo hapo hewani kabla ya kujitosa majini, hahitaji mti ili azae, anahitaji udongo. Dume na jike huchimba ukingo wa mchanga uliosimama wima kwa midomo na miguu, wakapata njia ya mita moja au zaidi, na mwisho wake hutagwa mayai meupe. Kuatamia huchukua siku 18 hivi, na makinda hukaa shimoni takriban siku 25 zaidi. Ukingo ukibomolewa na wachimba mchanga katika wiki hizo sita, uzao wote hufukiwa.

Msiba huo hauwafiki wazazi peke yao. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer, aliyewachunguza midiria hawa nchini Kenya, alionyesha kwamba madume wasio na wenzi husaidia kulisha makinda ya wengine. Baadhi ni wana wa wazazi hao, wengine hawana undugu nao. Ziwani Naivasha, ambako riziki ilikuwa nyepesi, wasio ndugu walifukuzwa. Victoria, ambako uvuvi ulikuwa mgumu, walipokelewa. Basi tundu moja la Victoria huenda limebeba jasho la ndege watatu au wanne, kwa sababu wawili hawatoshi.

Wapo watakaosema ndege atachimba kwingine. Atachimba, lakini si kila udongo unafaa: ukiwa mgumu haupenyeki, ukilala kenge hupanda, ukiwa chini mafuriko huingia. Wengine watasema mchanga ndio ugali wa vijana wetu, tena machimbo yao ndiyo yanayotengeneza kuta mpya ambazo mdiria huzipenda. Hoja zote mbili ni za kweli, na ya pili ndiyo inayonitia hofu: ukuta unaomwalika ndege leo na kubomolewa mwezi ujao ni mtego. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Nje ya eneo hilo, ninachoomba ni kidogo: mchimbaji akiona matundu yanayoingiwa na ndege wenye samaki mdomoni, ahamie upande mwingine wa shimo mpaka makinda waruke. Mchanga utamsubiri; makinda hawana pa kungojea.