"Kuhepa" Kuna Kosa Gani?

Wanachama wenzangu, mlijua "skedaddle" ya Kiingereza ilipata umaarufu vitani? Ilianza kuvuma magazetini mwaka wa 1861, Wamarekani wakipigana wenyewe kwa wenyewe, ikisemwa juu ya askari waliotimua mbio. Wengine walidai eti ni Kigiriki (wasomi nao!), lakini asili yake haijathibitishwa hadi leo. Hata hivyo imo kamusini.

Mimi muhula uliopita niliandika katika insha, "Juma alihepa kipindi." Nikapigwa mstari mwekundu. Ati lugha ya mtaani, niandike "alitoroka"! Walimu wetu, kwa heshima, si mamoja. Aliyetoroka hata kwao hawajui aliko. Aliyehepa huchomoka mwalimu akigeukia ubao, na kengele ya chamcha ikilia, yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni ya githeri.