Ione mbao kabla haijapakwa rangi



Kila msimu wa harusi ukikaribia, swali ni hili hili: "Kabati la chumbani nilipake rangi ya kung'aa au isiyong'aa?" Sisi kazi yetu ni kushona mapazia, mashuka na foronya za vyumba vya maharusi, kwa hivyo tunaingia vyumba vingi wakati rangi bado inanuka. Jibu letu ni kuwa swali hilo limeanzia mwisho. Kwanza uliza: chini ya hiyo rangi kuna nini?

Hili tulifunzwa Tabora, tulipokwenda harusini kwa jamaa zetu. Tabora ni nchi ya misitu ya miombo, nchi ya mninga, mkurungu na mtundu. Ndipo ilipopita njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na watu wa pwani waliohamia huko walikwenda na mila zao za nyumba. Kule Kwihara, nje kidogo ya mji, ipo nyumba ya tembe waliyokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Mlango wake wa nakshi ukiutazama utadhani uko Mji Mkongwe. Uzuri wa mlango kama ule ni mbao na mkono wa fundi.

Huko tuliona seremala amemaliza kabati la bibi harusi, kisha akaliacha bila ya kulipaka chochote. Tulipomuuliza anangoja nini, akasema anawangoja wenyewe waje walione. Walikuja shangazi wawili wa bibi harusi, wakafungua milango, wakatoa droo, wakazipindua, wakapitisha mkono nyuma. Waliporidhika ndipo vanishi ikafunguliwa.

Tulikaa kimya, kwa sababu tulimkumbuka mteja wetu mmoja hapa kisiwani. Alitoa sehemu ya mahari yake akanunua kabati aliloambiwa ni mninga mtupu. Lilikuja limeshapakwa rangi nyeupe ya kung'aa, linameremeta kama sahani. Mwaka haujesha, akawa anakuta unga mwembamba juu ya nguo zake. Fundi mwengine alipokwangua rangi, alikuta puti nyingi na mbao nyeupe yenye vitundu vya wadudu. Mninga wa kweli ni ule wa ndani ya gogo, wenye rangi ya kahawia au ya dhahabu iliyokolea. Ile sehemu nyeupe ya pembeni huliwa na wadudu, na ikishapakwa rangi nzito hakuna anayeijua.

Sote twaijua habari iliyopokewa katika Sahih Muslim, ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vyake vikapata unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakukiweka juu kile kilichorowa, watu wakakiona. Kwetu sisi, rangi inayopakwa ili kuficha mbao mbovu ni kama kile chakula kikavu kilichowekwa juu. Anayenunua naye ana haki ya kutia mkono, na wala si utovu wa adabu.

Ukishaijua mbao yako, kuchagua rangi ni kazi nyepesi.

Ukilipia mninga, pakaa vanishi isiyo na rangi, uuone mshipa wa mbao uliolipia. Vanishi ya kung'aa sana hupendeza siku ya kwanza, lakini huonesha kila alama ya kidole, kila mkwaruzo na kila pahala msasa haukupita vizuri. Ile yenye mng'aro wa wastani ndiyo tunayoipenda kwa milango ya makabati: inafutika kwa kitambaa chenye maji na haitangazi kila kasoro. Isiyong'aa kabisa ina utulivu wake, ila mikono yenye mafuta ya nazi na hina huacha madoa yasiyotoka upesi.

Ipo pia nta ya nyuki, na Tabora ni maarufu kwa asali na nta. Nta hupendeza juu ya mbao na ni rahisi kuipaka tena mwenyewe. Lakini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi, kwa hivyo usiitumie kwenye meza unayoweka chetezo cha udi.

Unataka kabati jeupe la ukutani? Hakuna ubaya, nyeupe ni nzuri na ni halali yako. Lakini usilipe bei ya mninga. Mninga huchukua miaka mingi sana kukua, na kuukata ili ufunikwe na rangi nyeupe ni israfu. Msindano wa mashamba ya Sao Hill huko Mufindi, ukikaushwa na kupigwa randa vizuri, hubeba rangi nyeupe bila ya taabu. Muuzaji aseme tu kuwa ni msindano, nawe ulipe bei ya msindano. Na ukinunua mninga, uliza kama umevunwa kwa kibali.

Tahadhari moja ya rangi nyeupe ya mafuta: ikikaa gizani hugeuka manjano, na ndani ya kabati ni giza siku nzima. Kwa ndani, bora rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao. Na mwambie fundi apake ndani na nje. Mlango uliopakwa upande mmoja tu hunyonya unyevu wa kisiwani upande mmoja, ukapinda.

La mwisho linatuhusu sisi washonaji. Rangi kukauka mkononi si kukomaa. Tumeshaona shela na mashuka meupe yakinata kwenye rafu zilizopakwa siku tatu kabla ya harusi, na harufu ikigoma kutoka hata kwa udi. Kabati likamilike wiki tatu au nne kabla, likae milango wazi. Kisha lijaribu: weka kipande cha pamba nyeupe juu ya rafu, kikandamize kwa kitu kizito usiku mmoja. Asubuhi kikinata au kikinuka, nguo zako zisiingie.

Tunajua wapo watakaosema haya ni maneno ya kumsumbua fundi na kumtia aibu muuzaji. Sisi tunaona kinyume chake. Yule seremala wa Tabora hakuona aibu mashangazi walipopindua droo zake. Alisimama pembeni anatabasamu, na mwenye mali safi hana cha kuogopa. Anayepaka upesi kabla hujafika ndiye wa kuulizwa.

Kwa hivyo, bibi harusi, ukitoa malipo ya mwanzo weka sharti moja: rangi isipakwe mpaka mje muione mbao. Nenda na mama, shangazi au somo wako, mtie mkono mpaka nyuma. Fedha ya mahari ni haki yako uliyopewa na Mola wako, usiikabidhi kwa mng'aro.

Allah awajaalie nyumba zenye utulivu na baraka, ndani kama nje. Amin.