Siklidi wa Rangi Rangi Katika Tangi Moja: Ni Pambo au Ni Dhulma?



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo naomba mnivumilie. Najua wapo watakaosema mwalimu amekosa cha kuandika mpaka anaandika habari za samaki wa sebuleni. Lakini jambo hili limeshaingia majumbani mwetu, na mimi nimelinyamazia vya kutosha.

Ijumaa moja baada ya swala nilialikwa chakula na kijana niliyemfundisha zamani hapa Giheke. Sebuleni kwake pana tangi la kioo la lita 80 hivi, na juu yake taa ya buluu. Ndani mna samaki 13, wa njano, wa buluu, wenye milia, wenye nundu. Wageni sote tukasema mashaallah. Mwanangu mdogo ndiye aliyeuliza mbona yule wa pembeni hana mkia. Kumbe alikuwa amejibanza nyuma ya bomba la kichujio, mapezi yameliwa, na kila akichomoza anafukuzwa. Kijana akacheka: "Mwalimu, huyo ndiye mnyonge wao. Watazoeana tu." Hawakuzoeana. Baada ya mwezi walibaki wanne.

Siklidi si wageni kwetu. Tilapia tunayemla ni siklidi, na kuhe wa ziwa Tanganyika, anayesifiwa Kigoma na Bujumbura, ni siklidi pia. Tanganyika pekee lina aina zaidi ya 200 za jamaa hawa, na karibu zote hazipatikani ziwa lingine lolote duniani. Ndiyo maana watu wa Ulaya na Marekani huwanunua kwa fedha nyingi, na sasa sisi tulio jirani tumeanza kuwaiga.

Hoja ninayoambiwa kila mara ni hii: "Mwalimu, ziwani si wanaishi pamoja?" Naam, wanaishi pamoja, lakini ziwa lile lina urefu wa zaidi ya kilomita 600, na kina chake kinapita mita 1,400. Humo kila mmoja ana mtaa wake. Wapo wanaokaa kwenye nyufa za mawe tu. Wapo wanaoogelea kwa makundi kwenye maji ya wazi. Wapo wadogo wasiozidi urefu wa kidole, nyumba yao ni kombe tupu la konokono mchangani. Yule mwenye nundu kichwani anayeitwa frontosa hukaa chini kwenye maji mengi, na kabla ya jua kuchomoza hupanda kuwatafuta samaki wadogo ambao bado wamelala. Yupo hata ambaye riziki yake ni magamba ya wenzake: huwavizia kwa nyuma, hung'oa magamba mawili matatu, akakimbia. Aliyevamiwa ziwani ana pa kukimbilia. Kwenye lita 80 atakimbilia wapi?

Halafu kuna chakula. Trofeusi hukwangua mwani kwenye mawe, na utumbo wake ni mrefu kwa ajili ya chakula hicho. Mweke pamoja na wala nyama, uwape wote chakula kimoja chenye nyama, utamwona anavimba tumbo na kufa. Mwenye nyumba atasema maji ni mabaya. Na tukisema maji, wapo wanaomchanganya siklidi wa Tanganyika, aliyezoea maji magumu ambayo pH yake ni karibu na 9, na siklidi wa mto Amazon aliyezoea maji laini yenye asidi kidogo. Mmoja wao lazima ateseke kimya kimya.

Wauzaji wana dawa yao: jaza samaki wengi, ugomvi utapungua. Tuwe waadilifu, hapa pana ukweli kidogo. Trofeusi wakiwa watatu au wanne, mkubwa humwandama mmoja mpaka amuue. Wakiwa kumi na zaidi, vipigo hugawanyika. Lakini hilo linataka tangi la mamia ya lita, kichujio chenye nguvu, na kubadilisha maji kila wiki bila uvivu. Sisi umeme unakatika jioni, pampu ya hewa inasimama, na tangi lililojazwa ndilo linalokufa kwanza. Nani amewaambia wanunuzi habari hiyo dukani?

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni hii kauli ya "nachanganya kwa ajili ya rangi". Rangi ile si pambo letu. Ziwa Victoria wapo furu wawili walio karibu sana kwa undugu, mmoja amepewa jina la kitaalamu la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei. Dume wa huyo ni mwekundu, wa mwenzake ni wa buluu, na jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Watafiti walipowawekea taa ambayo haikuwawezesha kutofautisha rangi hizo, majike walikubali dume yeyote. Mwaka 1997 ilichapishwa kwamba hata ziwani, pale maji yalipochafuka, mipaka ya aina inapotea. Basi ile taa ya buluu ya sebuleni si urembo mtupu.

Sisemi kufuga ni haramu. Mdogo wake Anas, yule Abu Umayr, alikuwa na kindege chake, na Mtume (s.a.w.) alimtania kwa upole, na wanachuoni wametoa hapo ruhusa ya kufuga ndege. Lakini mnakijua pia kisa cha mwanamke na paka aliyefungiwa, hakulishwa wala hakuachiwa ajitafutie. Samaki kwenye kioo amefungiwa vilevile. Na kuwachochea wanyama wapigane kumekatazwa katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Utasema wewe hukuwachochea. Uliyewaweka wawili wanaogombea jiwe moja, na unajua watagombea, umefanya nini?

Mwenye tangi dogo achukue aina moja, wale wadogo wa makombe. Awawekee mchanga na makombe matupu mengi, awaangalie wanavyochimba na kulinda watoto wao. Watoto wa nyumbani watajifunza zaidi hapo kuliko kwenye vurugu za rangi. Anayetaka kuchanganya awe na tangi kubwa kweli, achague wa mawe, wa mchangani na wa maji ya juu, wasio na uadui wala chakula tofauti.

Yule kijana alikuja na wale wanne kwenye ndoo, anataka kuwamwaga Kivu. Nikamzuia. Kivu lina siklidi wake wadogo wasiopatikana kwingine, na mgeni akishaingia hatoki. Isambaza aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, tukapata kitoweo, alhamdulillah. Lakini Rwanda rushya, wa Tanganyika pia, ameonekana Kivu tangu 2006, na wavuvi hawakumwomba, kwani anagombea chakula na isambaza. Malawi nako, wafanyabiashara wa samaki wa mapambo walihamisha siklidi kutoka kisiwa kimoja hadi kingine, na kisiwani Thumbi West wakapatikana chotara.

Tukakata kioo, tukaligawa tangi lake sehemu mbili, yule mkorofi akabaki peke yake upande mmoja. Ndoo ikarudi jikoni.