KINGA YA JAMAA: Uma wa mbele, wenye resori ao wa chuma kitupu?



Siku hizi ku soko za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunaona kinga nyingi za mlima zenye uma wa mbele wa resori. Ukisukuma usukani chini, uma unaingia, ukiachilia, unarudi. Vijana wanaupenda sana. Hata mutu wa makala anauangalia na kusema: «Huu utanipunguzia maumivu ya mikono.» Kisha anatoa feza aliyokusanya miezi mingi. Je, amefanya vizuri? Mbele ya kujibu, tuulize swali lingine: kinga yako itabeba nini? Uma unachaguliwa kwa mzigo, hauchaguliwi kwa macho.

Ulitoka wapi?

Kinga za mlima zilianza California, Marekani, katika miaka ya 1970. Wakati ule uma wake ulikuwa wa chuma tu. Mwaka 1989 kampuni RockShox ilitoa uma wa resori ulioitwa RS-1, nao ukafungua njia kwa mingine yote. Mwaka 1990 mashindano ya kwanza ya dunia ya kinga za mlima yalifanyika Durango, Colorado. Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka akiwa na uma wa RockShox. Lakini uangalie vizuri, msomaji: mshindi yule hakufunga gunia nyuma. Uma wa namna ile ulifikiriwa kwa mutu mumoja, mwili wake tu.

Unafanya kazi namna gani?

Miguu miwili ya ndani inaingia katika miguu miwili ya inje. Katikati kuna resori ya chuma, ao hewa iliyojazwa kwa pompi. Katika uma mzuri kuna pia mafuta yanayozuia resori isirudi kwa nguvu. Katika uma wa bei ya chini, mara nyingi mafuta hayo hayako: resori iko peke yake, na kinga inarukaruka kama mbuzi.

Mutu akipanda, uma unapaswa kuingia kidogo tu, karibu robo ya safari yake, hata chini ya robo. Kama safari yake ni milimeta 100, uingie milimeta 20 mpaka 25. Nafasi inayobaki ni ya mashimo ya njia. Sasa funga magunia ya makala, ao unga, ao mawe ya mgodi. Uma unaingia wote na kubaki chini. Resori haina kazi tena. Kila shimo linapiga chuma juu ya chuma, na miguu inaanza kucheza.

Tena, ukishika freni ku mteremko, uzito wa mzigo unakimbilia mbele. Hata kama gunia liko nyuma, ni uma unaopokea. Ukivunjika pale, gurudumu linatoka na mutu anaangukia uso, mzigo juu yake. Siyo feza tu inayopotea. Ku nyumba bibi na watoto wanangoja.

Basi tuchague nini?

Kwa mutu wa mizigo, jibu ni wazi: uma wa chuma kitupu, mnene, bila resori. Kama mikono inauma, dawa iko ku mupira: tia mupira mpana wa mbele, kama kadre na uma vina nafasi. Hewa ya mupira ni resori ya bei ndogo, na kila fundi wa njiani anajua kuitengeneza.

Kwa mwanafunzi, mwalimu ao mfanyakazi anayekwenda bila mzigo mu njia ya mawe, uma wa resori unaweza kusaidia, kama uko mzima. Uma mbovu wa resori ni mbaya kuliko uma mzima wa chuma.

Mbele ya kutoa feza, fanya hivi:

1. Pima bomba la usukani. Mengi ni milimeta 28.6 kwa upana. Ya kinga za zamani ni 25.4. Mengine ya siku hizi ni membamba juu na manene chini. Lisipolingana na kadre, uliache. Angalia pia urefu: likiwa fupi, hakuna la kufanya.

2. Ukubwa wa gurudumu: 26, 27.5 ao 29. Uma wa 26 haukubali gurudumu la 29.

3. Freni. Kama freni yako inashika ku ukingo wa gurudumu, uma uwe na fasi ya kuifunga. Uma nyingi za freni ya sahani hazina fasi hiyo.

4. Urefu. Uma wa resori ni mrefu kuliko ule wa kawaida. Ukiutosha na kutia mfupi, kinga inainama mbele na pedali inakaribia mawe. Pima kutoka katikati ya ekseli mpaka chini ya kadre, kisha tafuta uma wa chuma wenye kipimo cha karibu.

5. Kamata freni ya mbele, sukuma kinga mbele na nyuma. Ukisikia tok-tok, kuna kitu kinacheza. Weka vidole pale miguu inapoingiliana, uhakikishe kama ni uma ao ni gololi za usukani.

6. Pangusa miguu ya ndani. Kutu, mikwaruzo ao mafuta yanayotoka: usinunue.

7. Angalia pale miguu inakutana na bomba. Ufa hata mudogo kama unywele, ao alama ya kuungwa kwa moto: usinunue, hata muuzishaji akipunguza bei mara tatu.

8. Beba sumaku ndogo. Ikishika vizuri ku miguu, ni chuma. Isiposhika, mara nyingi ni aluminiumu. Kwa uma wa mizigo, tunataka ishike.

Katika Luka sura ya 14 kuna mfano wa mutu anayetaka kujenga mnara: anakaa chini kwanza, anapiga hesabu. Mutu wa kinga naye akae chini kwanza, pamoja na bibi yake, sababu feza ni ya nyumba na hatari ni ya nyumba.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya freni: kuzikaza, kuzibadilisha, na kuteremka na mzigo bila kuziunguza. Muende salama.